Mti wa Kwenye Kona

Ukitaka kumwona Bi Waya akigeuka mbogo, mwonyeshe mti wa duara. Chukua kipande cha sponji ya kijani, kichomeke juu ya kijiti, kisimamishe kando ya reli yako ndogo ya mezani, halafu umwambie, "Bi Waya, hebu tazama mti wangu." Jamani, utajuta.

"Mti wa wapi huu?" atakuuliza. "Umeota wapi pasipo na upepo? Nani alifunga mbuzi hapa? Nani alikata tawi akaenda kupikia? Hujui? Basi hii ni kabichi. Niondolee kabichi yako mezani."

Hakuwa mtu wa kubembeleza, wala hakuwa na haja ya kubembeleza. Watu wazima na heshima zao, madaktari na mawakili, waliojijengea vituo na madaraja vyumbani mwao na treni za kuenea kiganjani, wote walimjia yeye wakitaka miti. Wengine walifokewa mlangoni na bado wakarudi. Alifanyia kazi chumba cha uani, penye meza ndefu, dirisha moja na harufu ya gundi isiyotoka hata ufungue mlango kutwa. Jina la Bi Waya alilipata kwa mafundi wa feni, ambao walimwekea mota zilizoungua ili azichune waya zake za shaba. Waya hizo alizishika fungu zima kwa koleo akasokota, likawa shina. Chini akaziachia zikatambaa, zikawa mizizi. Juu akaligawa fungu, akagawa tena, akazidi kugawa, mpaka zikabaki waya moja moja zimesimama hewani, hizo ndizo vitawi. Gome la mti lilikuwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao na majivu. Rangi yake kijivu, tafadhali. Mtu anayepaka shina rangi ya kahawia, Bi Waya alisema, hajawahi kutazama mti maishani mwake, ametazama chokoleti. Majani ni sponji iliyotiwa rangi ikasagwa kwenye blenda kuukuu, akayanyunyiza kidogo kidogo na kuyashikiza kwa dawa ya nywele ya kupuliza.

Na kulikuwa na jambo moja alilolijua kwa kuzaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Mti ulioota kando ya reli hauwi sawa pande zote. Upande wa nje hujiachia unavyotaka, lakini upande wa reli vibarua wa njia huupiga panga kila mara, ukabaki na kipara. Ndiyo maana kila mti wa Bi Waya wa kando ya reli ulikuwa na kipara upande mmoja. Wateja wapya walidhani majani yamemwishia. Aliwajibu vibaya.

Hasira zake, lakini, hazikuanzia kwenye kabichi. Zilianza akiwa msichana wa shule.

Baba yake alikuwa dereva wa treni. Asubuhi moja treni yake ya mizigo ilipita taa nyekundu kwenye kona ya kuingilia stesheni, ikajikita nyuma ya treni nyingine iliyokuwa imesimama. Hakufa mtu, ila msaidizi wa dereva alikatwa mguu. Na msaidizi huyo hakuwa mtu baki, alikuwa Mjomba, kaka wa mama yake, tumbo moja, aliyeingizwa kazini kwa kuombewa na shemeji yake huyohuyo. Mbele ya wakubwa wa reli, Baba alisema neno moja na hakulibadilisha tangu siku ile: pale kwenye kona kulikuwa na mti, matawi yake yalifunika taa, alipoiona alikuwa ameshafika. Wakubwa wakasema hakuna mti wa kufunika taa pale. Mashahidi walipopelekwa kutazama, kweli, hapakuwa na mti wa aina yoyote. Baba akapiga kelele kwamba wameukata. Hakuna aliyemsikiliza.

Kisha akaulizwa Mjomba, kitandani hospitalini. Mjomba akasema taa ilikuwa inaonekana. Alikuwa ameinama, alipoinua kichwa akaiona nyekundu, akapiga ukelele. Basi. Baba akafukuzwa kazi, familia ikatolewa nyumba ya reli, vyombo vikarundikwa nje majirani wakitazama. Mjomba, mguu mmoja, akapewa kazi ya kukata tiketi dirishani.

"Kamuuza shemeji yake," watu wa nyumbani walisema. Mama alimpa kaka yake kisogo, na hakumgeukia mpaka alipofariki. Siku ya mazishi ya Mama, Mjomba alikuja kwa magongo yake, amevaa vizuri, jasho linamtoka. Bi Waya akamwahi getini. "Rudi ulikotoka," akamwambia mbele za watu. "Mama hakuwa na kaka." Mjomba akageuka, akaondoka. Kwa miaka mingi Bi Waya alilisimulia jambo hilo bila haya, tena kwa majivuno, kama mtu aliyefukuza mwizi.

Baba sasa alikuwa mzee, kifua kinamsumbua, anaishi na bintiye. Na Bi Waya alikuwa na haja moja tu kubwa duniani: baba yake asizikwe na lile doa. Alitaka watu waseme, hata mara moja, kwamba mzee huyu hakuwa na kosa.

Basi ndipo akaja Bwana Kesho. Huyu alikuwa msimamizi wa maonyesho, na jina hilo alipewa na mafundi wake kwa sababu hakuna swali alilolijibu leo. Stesheni ya zamani ilikuwa imekarabatiwa, na ndani ya ukumbi wake kungewekwa mfano mdogo wa reli yote ya zamani, na madaraja yake na vituo vyake. Kila fundi alipewa sehemu yake. Bi Waya alipewa miti yote, na pamoja na kazi akapewa bahasha ya picha za zamani ili asibuni kitu.

Alikuwa anazipanga mezani, hana hili wala lile, akakutana na kona. Picha mbili. Zilipigwa siku ya ajali yenyewe, moja kutoka upande wa barabara, nyingine kutoka ng'ambo ya reli. Mabehewa yamelala ubavu. Watu wamejishika viuno. Na nyuma yao, karibu kabisa na mlingoti wa taa, mti! Mti mzima na shina lake na matawi yake!

"Baba!" akapiga yowe mpaka jirani akachungulia. "Baba, njoo! Mti huu hapa! Washenzi wale, mti huu hapa!"

Mzee akaja taratibu, akazishika picha, akazitazama. Akakaa. "Ehe," akasema. "Si niliwaambia?" Kisha akaomba maji. Bi Waya alidhani ni uchungu.

Damu ikamchemka, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Bwana Kesho. Kwenye mchoro wa ukumbi, pale kwenye kona, palichorwa nyasi tupu.

"Hapa pana mti," Bi Waya akasema.

Bwana Kesho akazitazama zile picha, akazirudisha mezani kwa ncha za vidole. "Bibi, haya ni maonyesho ya furaha. Watakuja watoto, watakuja wakubwa wa reli, waliopo na waliostaafu. Mambo ya ajali tuyaache."

"Nani kataja ajali? Nimesema mti."

"Tutalizungumza kesho."

"Kesho ya nani? Wenzako waliukata mti mzima usiku mmoja ili baba yangu aonekane mwongo, na wewe leo unataka kuukata mara ya pili? Haya, kata! Lakini na ile mingine nayo naibeba. Yote! Reli yako nzima iwe jangwa, hao wakubwa wako waje watazame mchanga!"

Watu wa ofisi ya pili walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Bwana Kesho akafuta paji la uso. Miti ya njia nzima ilikuwa mikononi mwa mwanamke huyu, na siku ya ufunguzi ilikuwa inakuja. Akakubali shingo upande. "Uweke. Ila uwe kama ulivyo pichani, tusije kusutwa."

Alipokuwa anatoka, fundi mmoja akamwonyesha kitu. Kwenye pua ya kichwa cha treni walikuwa wamefunga kamera ndogo, na picha yake ingerushwa kwenye skrini kubwa ukutani, ili wageni waone njia kama dereva anavyoiona. Bi Waya akasimama pale pale. Akaona jinsi mambo yatakavyokuwa: wale wazee waliomhukumu baba yake wamekaa mstari wa mbele na suti zao, treni inaingia kwenye kona, na wao wenyewe kwa macho yao wanautazama mti ukiifunika taa. Waone! Waone kisha wameze mate!

Hakuna mti alioutengeneza kwa moyo kama ule. Picha moja ilimpa ubavu mmoja, ya pili ikampa mwingine, na kwa rula na kikokotoo alijua kila tawi lianzie wapi na liishie wapi. Alisokota, akafumua, akasokota tena. Tawi lililovunjika kidogo kwenye picha, naye alilivunja kidogo. Na Baba, ambaye siku zote alikuwa hajali kazi ya uani, sasa hakubanduka mlangoni.

"Tawi hili lilikuwa limeshuka zaidi."

"Pichani halijashuka, Baba."

"Picha zinadanganya."

"Moja labda. Ninazo mbili."

"Wewe ulikuwepo?" mzee akafoka. "Nani aliyekuwa anapita pale kila siku, wewe au mimi?"

Bi Waya akacheka. "Haya, dereva wa treni kaja kunifundisha kusokota waya! Kanywe dawa yako, mzee wangu. Mti wako uko kwenye mikono salama."

Mfano wa ukumbini ulijengwa vipande vipande ili ubebeke, kwa hiyo kipande cha kona kililetwa kwake uani kikiwa na reli zake, mlingoti wake, na taa nyekundu ya ukubwa wa punje ya mchele. Fundi akamwachia kile kichwa cha treni chenye kamera na skrini ndogo ya kujaribia. Mchana huo Bi Waya akautia mti gundi mizizini, akausimamisha mahali pake, akapima, akapima tena. Kisha akamwita baba yake. Akamwekea kiti kizuri, akamfunga kifungo cha juu cha shati kama anayempeleka harusini.

"Leo utajionea mwenyewe," akamwambia. "Tulia hapo."

Akabonyeza. Kichwa cha treni kikaanza kwenda, kinanguruma taratibu. Kwenye skrini reli zikawa zinakuja, kokoto, nyasi, kisha kona ikaanza kukunja, mti ukajitokeza mkubwa na mzuri, mti wa kweli kabisa. Na kando ya shina lake, kwenye kile kipara cha upande wa reli, taa nyekundu.

Bi Waya akakirudisha kichwa cha treni. Labda kamera iko juu mno. Akaishusha, akabonyeza. Nyekundu, tangu mwanzo wa kona mpaka mwisho. Akachukua rula, akapima mlingoti dhidi ya picha. Sawasawa. Akapima shina. Sawasawa. Akasogeza kamera pembeni kidogo, upande anaokaa dereva, akabonyeza tena. Vibarua wa njia walikuwa wameukata vizuri mti ule. Taa ilikaa katikati ya uwazi, inawaka, kipofu tu ndiye asingeiona.

"Ongeza majani," Baba akasema.

"Nini?"

"Hapo upande wa reli. Pamekaa wazi mno. Ongeza majani kidogo."

Bi Waya akageuka kumtazama. Mzee hakuwa anatazama skrini. Hakuwa ameitazama hata mara moja tangu akae. Alikuwa anatazama mti, na hakuonekana kushangaa kitu.

"Baba. Uliiona taa?"

"Kama hutaki kuongeza, sema. Tutampa mwingine aongeze."

"Nimekuuliza, uliiona taa au hukuiona?"

"Sikuiona!" mzee akapiga kelele, kifua kikamkaba, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Safari hii Bi Waya hakumpelekea maji. "Sikuiona kwa sababu nilikuwa nimelala. Haya! Umefurahi? Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka safari, sijavua hata viatu, wakanipangia nyingine. Nililala nimeshika mpini wa kuendeshea. Kelele za mjomba wako ndizo zilizoniamsha nikafunga breki."

"Kelele za Mjomba," Bi Waya akarudia. "Kwa hiyo Mjomba ndiye aliyekuokoa."

"Sikusema hakuniokoa."

"Hukusema! Hukusema chochote! Umeniacha nimemfukuza getini, mtu wa magongo, kwenye maziko ya dada yake, nawe ulikuwa umekaa pale barazani unaona! Mama kafa anajua kaka yake ni mwongo!"

"Mama yako," mzee akasema, "ndiye aliyeniambia niseme mti."

Bi Waya akashika ukingo wa meza.

"Nilirudi nikamwambia ukweli siku ileile. Akasema, ukisema ulilala watakufunga, na hawa wanangu nitawalisha nini? Pale kuna mti, sema mti. Alijua kaka yake hatamwangusha. Akamwendea hospitalini akamwomba. Kaka yake akamkatalia. Akamwambia, mwambie shemeji aseme alilala, mimi nitamtetea, tuwaseme hawa wanaotupanga kazi kama punda, maana kesho atalala mwingine. Mama yako akatoka pale, na ndiyo ilikuwa mwisho wao."

Loo! Kwa hiyo wakubwa wa reli walikuwa na kosa lao kweli, tena kosa kubwa, na wao walilikwepa kirahisi. Mti wenyewe waliukata ili wasisumbuliwe, ingawa haukuficha kitu, na miaka yote hii watu walibishana kuhusu mti huo, na hakuna aliyewauliza nani aliyempandisha dereva aliyechoka kwenye treni. Aliyetaka kuwauliza alikuwa mmoja, na huyo ndiye waliyempa kisogo nyumba nzima.

"Mimi ni mgonjwa," Baba akasema, sasa kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo Bi Waya hakuwahi kuisikia kwake. "Niache niende na mti wangu, mwanangu. Majani kidogo tu. Nani atajua?"

Kopo la majani lilikuwa mbele yake. Kubana vidole viwili tu, kupuliza, kusubiri ikauke. Katika mji mzima hakukuwa na mtu mwenye mkono wa kuifanya kazi hiyo ionekane kweli kama yeye. Wale wazee wangekaa mstari wa mbele wakaaibika. Magazeti yangeandika. Angepata kila alichokitaka. Akalitazama kopo, na hasira zikampanda tena, lakini sasa hazikujua ziende wapi. Amgombeze mzee huyu anayehema kitini? Amgombeze Mama kaburini? Na yule mwanamke aliyesimama getini akimfukuza mtu, amfanye nini? Huyo ndiye aliyemkasirisha kuliko wote, na ndiye ambaye Bi Waya hakuweza kumkimbia.

Akalifunika kopo. Akachukua simu, akampigia binamu yake ambaye walikuwa hawasalimiani, akaomba namba ya Mjomba. Akatafutiwa bila kuulizwa sababu. Akapiga, akaiweka simu mezani ikiwa kwenye spika, karibu na Baba.

"Nani mwenzangu?" sauti ya kizee ikajibu kutoka upande wa pili.

"Shikamoo, Mjomba. Ni mimi, mpwa wako."

Nyuma yake redio ilikuwa inasoma habari, kisha ikazimwa. "Marahaba," akasema.

"Nimetengeneza ile kona, Mjomba. Na mti, na mlingoti. Itawekwa ukumbini stesheni. Taa inaonekana. Nimeijaribu kila namna, inaonekana. Nataka uje uione, nikukalishe mbele, nikuombe radhi mbele za watu kama nilivyokutukana mbele za watu."

Baba alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili imeshika magoti.

"Taa ile," Mjomba akasema polepole, na hasira ilikuwa bado imo sautini mwake, nzima, haijachakaa, "mimi niliiona siku ile. Sina haja ya kuonyeshwa. Mwonyeshe ambaye hajaiona." Simu ikakatika.

Baba akataka kuinuka. Bi Waya akamshika bega, si kwa ukali, lakini akamrudisha kitini. Akakivuta kiti mpaka mbele ya skrini. Akakirudisha kichwa cha treni mwanzo wa kona.

"Hutoki hapa," akamwambia, machozi yanamshuka na hayafuti. "Fumbua macho, Baba. Hutoki hapa mpaka utazame."

Akabonyeza. Reli zikaanza kuja, kokoto, nyasi, kisha mti. Mzee akainua uso, akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza akaiona taa.